Taa za usiku zimeota miiba baada ya leza: kasoro iko wapi?

*"Daktari, nina miaka 63. Miaka miwili iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia, nikawekewa lenzi ya bandia na nikaona vizuri sana. Mwaka huu ukungu ukaanza kurudi kidogo kidogo. Nikaambiwa ni utando wa nyuma, nikapigwa leza wiki sita zilizopita. Mchana sasa naona safi kabisa. Lakini usiku kila taa ya gari inaota miiba, na kuna mchirizi mmoja mrefu unaoikata taa kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, kama kamba iliyotandazwa. Halafu kuna kitu cheusi kama mdudu kinaelea. Nilirudi kliniki, nikasoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, nikaambiwa jicho ni zima. Je, leza imeikwaruza lenzi yangu? Au mtoto wa jicho anarudi tena? Niombe kubadilishiwa lenzi? Kwa sasa nimeacha kuendesha gari usiku."*

Ndugu yangu, nianze na hilo uliloambiwa kliniki, kwa sababu nahisi ndilo lililokuumiza kuliko taa zenyewe. Umesoma herufi zote, kwa hiyo jicho ni zima. Mimi nakiamini kipimo, na wewe pia nakuamini. Ubao wa herufi hupima jambo moja tu: kama jicho linaweza kutofautisha maandishi meusi kwenye ubao mweupe, ndani ya chumba ambacho hakuna mtu anayekumulika usoni. Barabara ya usiku ni kinyume chake. Vitu unavyotaka kuviona vimefifia, na katikati yake kuna taa kali. Ikiwa kuna kitu chochote ndani ya jicho kinachotawanya hata sehemu ndogo ya mwanga wa taa ile, mwanga huo humwagika juu ya picha yote na kuifunika kama shela. Kioo cha gari chenye vumbi kinatenda vivyo hivyo: ukiendesha jua likiwa mgongoni huoni vumbi, ukikata kona jua likawa mbele yako, huoni barabara. Kioo ni kilekile.

Kwa hiyo malalamiko yako yana maana, na yana mahali pa kutafutiwa.

Tuondoe kwanza hofu ya mtoto wa jicho. Hajarudi, na hawezi kurudi, kwa sababu kile kilichokuwa na ukungu kilitolewa. Lenzi ya asili imo ndani ya kifuko chembamba mno. Ukuta wake wa nyuma, pale katikati, una unene wa mikroni chache tu, yaani sehemu chache tu ukiigawa milimita moja mara elfu. Daktari wa upasuaji hutoboa tundu la duara kwenye ukuta wa mbele, hunyonya lenzi iliyochafuka, kisha huweka lenzi ya bandia ndani ya kifuko hichohicho ili kiishikilie. Hata akisafisha kwa uangalifu namna gani, chembe hai za lenzi ya zamani hubaki pembezoni mwa kifuko. Nyingine hutulia huko maisha yote. Nyingine huanza kutambaa juu ya ukuta wa nyuma, zinavimba na kuwa kama vishanga, au zinaukaza ukuta na kuufanya ukunjamane kama shuka lililovutwa upande mmoja. Huo ndio utando ulioambiwa. Watu wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, huuita "mtoto wa jicho wa pili", jina ambalo limewatisha wagonjwa wengi bure.

Leza iliyotumika haikuchoma jicho, na wala haikung'arisha utando. Ni mwanga usioonekana, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, unaotolewa kwa mapigo mafupi mno, ya sehemu chache tu ukiigawa sekunde moja mara bilioni, na kukusanywa kwenye nukta moja. Kwenye nukta hiyo hutokea mlipuko mdogo kuliko ncha ya sindano, na msukumo wake hupasua utando. Daktari hupiga nukta baada ya nukta hadi afungue dirisha. Kabla madaktari wa macho Danièle Aron-Rosa wa Paris na Franz Fankhauser wa Bern hawajaleta njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgonjwa mwenye utando alilazimika kurudi chumba cha upasuaji ili utoboliwe kwa sindano au kisu. Nalitaja hili kwa sababu watu siku hizi huitazama leza kama jambo dogo sana, kisha wakipata usumbufu wowote wanaamini wameharibiwa. Ni tiba nzuri. Lakini dirisha lina fremu, na hapo ndipo hadithi yako inapoanzia.

Mboni yako, ule weusi wa katikati, mchana hujibana hadi milimita mbili au tatu hivi. Gizani hupanuka, kwa mtu wa umri wako inaweza kufika milimita tano, wengine hata zaidi. Dirisha la leza mara nyingi hufunguliwa kwa upana wa milimita tatu hadi nne. Fanya hesabu: mchana mwanga wote unapita katikati ya dirisha, na ndiyo maana unaona safi. Usiku mboni inakuwa pana kuliko dirisha, mwanga unaanza kupita pia kwenye kingo zilizochanika, kwenye vishanga vilivyobaki pembeni na kwenye mikunjo ambayo leza haikuifikia. Kila kimoja kati ya hivyo hutawanya mwanga, na taa inaota miiba.

Utauliza kwa nini basi hawakufungua dirisha pana tangu mwanzo. Wala usiwalaumu haraka. Kila pigo la leza ni nguvu inayoingia ndani ya jicho. Mapigo yakiwa mengi, presha ya jicho huweza kupanda katika saa chache zinazofuata, na nguvu ikizidi huongeza wasiwasi kuhusu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Daktari anayesimama mapema anafanya hivyo kwa kukulinda. Kuna pia jambo lisilosemwa sana: dawa ya kupanua mboni inapowekwa, mboni inafunguka kuliko inavyofunguka yenyewe gizani, na si lazima ifunguke sawasawa pande zote. Kama hakuna aliyepima mboni yako gizani kabla ya dawa, upana wa dirisha unabaki kukisiwa, na hata katikati yake inaweza kukosewa kidogo.

Sasa ule mchirizi mmoja mrefu. Huo ndio sehemu ya barua yako iliyonifurahisha, samahani kwa kusema hivyo, maana umeueleza kwa usahihi ambao daktari huutamani. Mkunjo mwembamba kwenye utando hufanya kazi kama kifimbo cha kioo: nukta ya mwanga ikipita kwenye kifimbo hicho hunyooshwa ikawa mstari, na mstari huo hukaa msalaba na kifimbo. Madaktari wa macho wana kifaa kinachotumia kanuni hiihii, kioo chekundu chenye mistari kiitwacho fimbo ya Maddox, kwa kupima misuli ya macho. Kama mchirizi wako unatoka juu kushoto kwenda chini kulia, basi ninashuku kuna mkunjo au uzi wa utando uliobaki ukiukata mwelekeo huo. Chora unachokiona kwenye karatasi na uende nacho. Mchoro wa dakika moja unaweza kumwelekeza daktari mahali pa kutazama kuliko maelezo ya nusu saa.

Kabla hujaenda, kuna mambo machache ya kujaribu nyumbani usiku, ukiwa umesimama au umeketi salama, usiwe unaendesha. Tazama taa ya mbali kwa jicho la kulia pekee, kisha la kushoto pekee. Kama miiba ipo kwa macho yote mawili kwa kiasi kilekile, leza ya jicho moja haiwezi kuwa chanzo pekee. Inamisha kichwa begani: mchirizi ukiinama pamoja nawe, uko ndani ya jicho au kwenye miwani yako; ukibaki palepale, uko kwenye kioo cha gari, mara nyingi ni alama za waipa. Vua miwani urudie. Kisha pepesa macho mara kadhaa. Miiba inayobadilika umbo kila ukipepesa inatokana na machozi, yaani uso wa jicho ni mkavu au machozi hayajatandaa vizuri, na hilo ni jambo la kawaida sana baada ya upasuaji wa macho na kwa umri wetu. Nimeona watu waliokuja wakidai lenzi ibadilishwe, wakaondoka na chupa ya machozi ya bandia.

Jaribio la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Ukiwa bado unaitazama taa ya mbali, mtu awashe taa ya wastani karibu nawe, kwa mfano ile ya ndani ya gari lililoegeshwa. Mwanga huo unaibana mboni. Miiba ikipungua papo hapo, umejionyesha mwenyewe kwamba kasoro iko pembeni mwa mboni na katikati ni pasafi. Hilo ni ushahidi mzito kwa upande wa dirisha dogo au mabaki ya utando.

Swali lako la kwanza, kukwaruzwa kwa lenzi. Hutokea. Utando umelala karibu sana na lenzi ya bandia, wakati mwingine umegusana nayo, na pigo lililokosea kwa unywele huacha kishimo kidogo kwenye lenzi. Karibu kila daktari anayefanya kazi hii ameshaacha vishimo, nami ni miongoni mwao. Kishimo kimoja au viwili pembeni havisumbui mtu. Vikiwa vingi na vimekusanyika katikati kabisa, hapo vinaweza kutawanya mwanga, lakini basi ungetarajia usumbufu hata mchana, hasa kwenye jua kali, wala visingechora mstari mmoja ulionyooka. Maelezo yako hayaelekei huko. Vishimo havisuguliwi vikaondoka, ila daktari anaweza kuviona na kuvihesabu akitumia mwanga unaorudi kutoka nyuma ya jicho. Mwombe avitazame akwambie viko wapi.

Mdudu anayeelea huenda ni kipande cha utando uliopasuliwa, au ni ute wa jicho, ule unaolijaza jicho kwa ndani, uliojikusanya. Vipande vidogo huzama chini ndani ya wiki kadhaa, na akili nayo hujifunza kuvipuuza. Mmoja, uleule, asiyeongezeka: mvumilie. Nitarudi kwake baadaye kidogo.

Nije kwenye kubadilisha lenzi, na hapa nitaongea na wewe pamoja na wengine ambao bado hawajapigwa leza. Kuna mwako wa taa unaosababishwa na lenzi yenyewe. Ukingo wa lenzi ya bandia huweza kurudisha mwanga na kuleta tao linalong'aa pembeni mwa macho, na lenzi zenye uwezo wa kuona mbali na karibu kwa pamoja huchora mapete kuzunguka taa, kwa sababu zimetengenezwa kuugawa mwanga. Mapete si miiba. Alama kubwa ya kutofautisha ni tarehe: usumbufu wa lenzi huanza tangu siku za kwanza baada ya upasuaji, jicho likiwa bado safi. Usumbufu wa utando huja polepole, baada ya miezi au miaka. Wewe umesema uliona vizuri sana kwa muda mrefu, na miiba imekuja baada ya leza. Hilo linaitoa lenzi kwenye orodha ya washukiwa, ingawa bado ningependa uulize uliwekewa aina gani.

Kwa nini nasisitiza tarehe? Kwa sababu leza haina njia ya kurudi. Ukuta wa nyuma ukiwa mzima, kubadilisha lenzi ni upasuaji mgumu kiasi lakini wenye mpangilio: unaifungua lenzi kutoka kwenye kifuko na kuweka nyingine palepale. Ukuta ukishatobolewa, ute wa jicho unaweza kuja mbele kupitia dirisha, ukalazimu kukatwa na kuondolewa, na lenzi mpya inaweza kukosa mahali imara pa kukaa. Hatari kwa retina huongezeka. Inawezekana, na wapo mabingwa wanaoifanya vizuri, lakini si jambo la kuombwa kwa sababu ya miiba ya usiku ya wiki sita. Na wewe msomaji mwingine ambaye taa zilikusumbua tangu wiki ya kwanza ya upasuaji, ukiambiwa "tupige leza tuone kama itasaidia", tulia kwanza. Uliza: je, kuna utando unaoonekana, na je, unatosha kueleza ninachokiona? Kama jibu ni la kusitasita, tafuta maoni ya daktari wa pili kabla dirisha halijafunguliwa.

Basi wewe ufanye nini? Kungoja kidogo si uzembe. Dirisha jipya huweza kupanuka kidogo lenyewe katika wiki na miezi ya mwanzo kadiri kifuko kinavyojivuta, na nyuzi zilizobaki zikaning'inia nje ya njia ya mwanga. Ningekupa hadi miezi mitatu itimie tangu leza kabla ya kuguswa tena, iwapo uchunguzi wa retina na presha hauna tatizo. Katika muda huo tumia machozi ya bandia kwa wiki mbili kwa utaratibu, si siku moja moja, na upimwe miwani upya. Kipimo kidogo cha astigmatizimu, yaani mpindo wa jicho usiolingana pande zote, ambacho mchana huwezi kukihisi, usiku mboni ikipanuka kinaongeza miiba yake. Miwani iwe na tabaka la kuzuia mng'ao. Zile za njano zinazouzwa kwa madereva wa usiku sizipendekezi: zinapunguza mwanga wote, pamoja na ule wa mtu anayevuka barabara.

Yapo matone yanayozuia mboni isipanuke sana gizani. Brimonidini, ambayo kwa kawaida ni dawa ya presha ya macho, hufanya hivyo kwa baadhi ya watu kwa saa kadhaa, na pilokapini hufanya kwa nguvu zaidi. Ni msaada wa kupita, kwa safari ya usiku ya lazima. Usiinunue mwenyewe. Pilokapini hasa huleta maumivu ya kichwa na ina tahadhari zake kwa watu wenye retina dhaifu, na jicho lako limetoka kupigwa leza juzi.

Iwapo miezi mitatu imetimia, jaribio la taa limeonyesha nilivyoeleza, na daktari ameuona uzi au ukingo ndani ya upana wa mboni yako ya gizani, basi mimi ningeegemea kupanua dirisha. Huwa ni mapigo machache yaliyolengwa palepale, machache kuliko mara ya kwanza. Hatari ni zilezile za mwanzo, kwa hiyo presha hupimwa baadaye na retina hukaguliwa. Sikuahidi usiku usio na mwiba hata mmoja. Jicho lenye lenzi ya bandia mara nyingi huona taa kali kuliko lilivyozoea zamani. Ninachotarajia ni kamba ile kukatika.

Sasa mambo ambayo hayangoji miadi. Mdudu mmoja akigeuka kundi, kama masizi yaliyorushwa. Ukiona mimweko kama radi pembeni mwa jicho, hata ukiwa gizani. Au kivuli kama pazia kikianza kushuka, kupanda au kuingia kutoka upande, nenda siku hiyohiyo, usiku au sikukuu, kwa sababu huenda retina inabanduka. Uwezekano huo huwa mkubwa zaidi kwa mwenye miopia kali, yaani aliyevaa miwani minene ya kuonea mbali tangu ujana, na unaendelea kwa miezi mingi baada ya leza. Jicho kuwa jekundu lenye maumivu na ukungu ni la siku hiyohiyo pia. Mistari iliyonyooka ikianza kuonekana imepinda, au maneno ya katikati ya ukurasa yakififia, huenda kitovu cha retina kimevimba; hilo lina dawa, ila liwahiwe ndani ya siku chache.

Kwa yaliyobaki, panga miadi ya kawaida na uiombe kliniki jambo moja utakapofika tu, kabla muuguzi hajakushika kope: mboni ipimwe kwanza chumba kikiwa giza, ndipo dawa ya kupanua iwekwe. Dawa ikishaingia, kipimo hicho hakipatikani tena siku hiyo. Nenda na mchoro wako, na kadi ya lenzi kama unayo. Gari liache nyumbani, maana ukitoka hapo utakuwa na ukungu na mwanga utakuumiza kwa saa kadhaa. Kuhusu kuacha kuendesha usiku, umefanya vyema; endelea hivyo mpaka ujaribu tena ukiwa abiria na uone unavyoziona taa.